Aliyeiba simu ni "mwizi", aliyehamisha fedha za mradi ni "mbadhirifu". Kwa nini?

Mtunza Daftari: Wakuu, hili neno linanikera. Jana kwenye taarifa ya habari kijana kaiba simu: mwizi, na sura yake ikaonyeshwa. Habari iliyofuata, mhasibu kahamishia fedha za mradi kwenye akaunti yake: "anatuhumiwa kwa ubadhirifu". Nijuavyo mimi, mbadhirifu ni mtu wa kutumia ovyo, kalipwa leo, keshokutwa anakopa. Huyu hakutumia ovyo. Kaiba, tena kwa mpangilio mzuri tu. Tumwite mwizi.

Kisiki: Mkuu, kisheria hayo ni makosa mawili. Sheria ya rushwa ya Tanzania ya 2007 ina kosa la "ubadhirifu na ufujaji", kifungu cha 28 kama sikosei. Mwizi huchukua asichokabidhiwa, mbadhirifu alikabidhiwa akakigeuza chake. Halafu huo mfano wako wa kulipwa leo na kukopa keshokutwa ni dharau. Mwezi uliopita nimegharimu mshahara wote kwa matibabu ya mama. Niite mbadhirifu basi!

Bi Sarufi: Pole sana kwa mama. Ila hukugharimu, uligharimia. Matibabu ndiyo yaliyogharimu mshahara wako. Wewe umegharimia matibabu, na mfuko ulipotoboka umegharimika.

Kisiki: Mtu anasema mama mgonjwa, wewe unahesabu viambishi!

Bi Sarufi: Nimeanza na pole, mdogo wangu. Rudi usome.

Kisiki: Pole yenye "ila" ndani yake si pole.

Msafiri: Tupoze joto kidogo. Ubadhirifu, israfu, masurufu, yote mzizi mmoja: kutapanya. Ndiyo maana ofisini ukipewa masurufu ya safari yanatapanyika yenyewe 😂

Kaskazi: Hapo umechemsha. Israfu, yaani kupita kiasi, kwa Kiarabu inaandikwa kwa herufi sini, s nyepesi. Masurufu asili yake ni herufi swadi, s nzito. Kiswahili kimezipokea zote kwa s moja, basi tunadhani ni ndugu. Ndugu halisi wa masurufu ni sarafu na, msicheke, sarufi. Mzizi ule una maana ya kugeuza: unageuza pesa kuwa kitu, unageuza neno kutoka umbo hili kwenda lile. Ubadhirifu nao una ukoo wake mwingine kabisa, unatokana na kutawanya mbegu. Picha yake ni mtu anayerusha punje huku na huku bila kuangalia zinaangukia wapi.

Msafiri: Kumbe Bi Sarufi ni shangazi wa masurufu yangu! Shangazi, naomba risiti mbili tatu, nimebanwa nirejeshe.

Bi Sarufi: Ulikula bila kuniita, rejesha bila kuniita.

Mtunza Daftari: Jamani, mada. Kaskazi amenipa nguvu. Kama asili ni kurusha mbegu ovyo, mhasibu wangu hakurusha hata punje. Zote kaziweka ghala moja, lake.

Kaskazi: Usinitumie, mkuu. Asili ya neno haiamui matumizi ya leo. Gharama kwa Waarabu ni faini. Utakwenda dukani uulize faini ya shati?

Mama Wawili: Nyie mnabishania Kiarabu, mimi nina mfano hai. Nikinunua mapazia, baba watoto anasema "unafuja". Akinunua yeye redio ya tatu, ya TATU, hayo ni "matumizi". Neno linategemea nani kashika pochi.

Kisiki: Redio ya tatu pengine ina sababu.

Mama Wawili: Sababu gani? Zile mbili zote nzima!

Msafiri: Moja ya chumbani, moja ya sebuleni, moja ya kumkimbia mwenye mapazia.

Mama Wawili: Wewe rejesha masurufu kwanza.

Mtunza Daftari: Lakini hilo la pochi ndilo ninalolisema! Mkubwa akichota ana neno refu la heshima, mdogo ana neno fupi la kupigiwa kelele.

Kisiki: Si kweli. Mtaani mkubwa anaitwa "mpigaji", na hilo nalo ni fupi.

Mtunza Daftari: Mpigaji anaitwa huku mtu anatabasamu, Kisiki. Kuna waliojisifu mbele yangu kwamba ni wapigaji. Aliyejisifu kuwa ni mwizi sijamwona bado.

Bi Sarufi: Hapo ninakuunga mkono. Na "kula" ndiyo mbaya zaidi: "kala hela za chama", utadhani alikuwa na njaa.

Kisiki: Sawa, kwenye "mpigaji" nimeshindwa. Kifungu cha 28 bado nakishikilia. Na kwa asiyeuliza, mama katoka wodini leo. NimeghariMIa mpaka senti ya mwisho. Umeridhika, Bi?

Bi Sarufi: Alhamdulillahi. Mwambie namsalimu, bila "ila".