Mfumo unasema nimepumzika masaa 12, nimelala masaa mawili

Wakuu, nimevumilia nimechoka, acha niseme.

Mimi ni kondakta wa basi la mikoani, Dar–Arusha. Kampuni siitaji, watoto bado wanasoma. Zamani zamu zetu alipanga mzee mmoja ofisini na kauntabuku lake. Upendeleo alikuwa nao, sikatai, ukimletea mkungu wa ndizi kutoka Arusha mambo yako yananyooka. Ila ukimpigia "mzee, mke wangu yuko leba", anakata jina lako, anaandika la mwingine, imeisha. Treni ya SGR ilipoanza 2024, abiria wa Moro na Dodoma wakapungua, tajiri akasema gharama zishuke. Ikaletwa programu ya kupanga madereva na makondakta, mzee akahamishiwa kwenye vifurushi.

Sasa ukilalamika jibu ni moja: "Mfumo ndio umepanga."

Kwenye ratiba gari inaingia stendi ya Mbezi, Dar, saa 12 jioni, kesho inatoka saa 12 asubuhi. Masaa 12 kamili, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hayohayo 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza nyingine. Kwenye karatasi safi kabisa. Juzi tumeingia saa tatu na nusu usiku, malori yametuganda tangu Mlandizi. Abiria washuke, mizigo ishuke, mama mmoja gunia lake la viazi halionekani anataka kunipiga, hesabu ofisini, gari ifagiliwe. Natoka stendi saa tano. Mpaka nifike kwangu Mbagala, saa saba inagonga. Saa tisa na robo niko macho, maana saa 11 nisipokuwepo nakatwa. Programu haijui tumeingia saa ngapi. Inasoma ratiba tu, na ratiba aliijaza mtu wa ofisini.

Kesho yake tulipofika Segera dereva alikuwa anajimwagia maji ya chupa kichwani. Nyuma yetu watu wamelala na watoto mapajani. Mimi kazi yangu ikawa kumpigisha stori asisinzie.

Halafu hizo meseji. "RIPOTI 5:00." Kuna kijana mgeni, katokea shamba juzi tu, akaja saa tano asubuhi, kanyoosha shati na pasi, wakati gari iko Mombo. Kakatwa posho. Mtanzania gani umwandikie tano halafu umaanishe kumi na moja?

Na msiniambie kompyuta haina upendeleo. Safari fupi za Moro, za kurudi mapema ukalala kwako, wanazipata walewale. Sisi wengine Arusha kutwa.

Nilisoma habari za treni za Uholanzi. 2001 wafanyakazi wa treni waligoma kwa sababu ya mpango wa kuwafungia kwenye njia zilezile, nenda rudi. Wao waliubeza kwamba ni kuzunguka kanisa. Ugomvi haukuisha kwa kutupa kompyuta. Yalikubaliwa masharti mapya, kazi tamu na kazi chungu zigawanywe kwa vituo vyote vya wafanyakazi, ndipo programu ikapewa masharti hayo na ikapanga. Kwa hiyo kinachowezekana kwenye treni za nchi nzima kinashindikana vipi kwenye mabasi yetu haya ya kuhesabika? Mfumo haujajipanga wenyewe, kuna mtu kauambia cha kufanya, na huyo mtu hajawahi kulala Mbezi.

Wanaosema "acha kazi", karibuni mnilipie ada kwanza.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kumpelekea Ofisa Kazi shauri la namna hii? Nina meseji zote za zamu, na muda tuliofika nauandika kwenye daftari kila usiku tangu mwezi uliopita. Dereva yuko tayari kusaini. Hivyo vinatosha, au watasema tena karatasi ya mfumo ndiyo sahihi?