Kapadokia usiku tatu, Oktoba: puto, miji ya chini ya ardhi na magoti mabovu

Mzururaji

Wakuu, heshima kwenu. Tunakwenda Kapadokia, Uturuki, katikati ya Oktoba. Usiku tatu, tunalala mji mdogo wa Göreme, watu wanne, hatuna gari. Mmoja wetu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mwingine hapatani na sehemu zilizobana. Naomba msaada kwenye haya: safari ya puto la hewa moto tuiweke asubuhi ipi? Mji wa chini ya ardhi uwe Derinkuyu au Kaymaklı? Bonde lipi linapitika kwa mwenye magoti? Na chumba cha pangoni kina kasoro gani ambazo picha hazionyeshi?

JiweLaini

Karibu mkuu. Anza na jiwe lenyewe, maana maswali yako karibu yote yanaishia hapo. Volkano za Erciyes, Hasan na jirani zake zilimwaga majivu, yakalaliana tabaka kwa tabaka hadi yakashikana yakawa tufu. Ni jiwe laini. Linachongeka kwa sululu, na likishakatwa uso wake hukomaa kwa hewa. Sehemu nyingine limefunikwa na tabaka gumu zaidi, kama basalti. Mvua inakula tufu pembeni, ile kofia ngumu inakinga kilicho chini yake, na hapo ndipo zinapobaki zile nguzo Waturuki wanazoziita peribacası. Kofia ikidondoka, nguzo nayo siku zake zinahesabika.

Kwa msafiri maana yake ni moja: uso wa njia umejaa chenga za jiwe hilo. Chenga kavu juu ya mteremko mgumu ni kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni. Raba za soli bapa ziache hotelini. Ikinyesha, chenga zinageuka tope la utelezi, basi lipe bonde muda likauke kabla hujalishuka.

Puto liweke asubuhi ya kwanza, mbili zinazobaki ziwe akiba. Kuruka au kutoruka hakuamuliwi na kampuni peke yake. Mamlaka ya usafiri wa anga inatoa bendera kwa eneo zima: kijani mnaruka, njano mnasubiri, nyekundu safari imefutwa. Kinachofuta mara nyingi ni upepo, hata kama anga ni jeupe kabisa. Kabla ya kulipa uliza jambo moja: ikifutwa, fedha inarudi yote, au mnasogezwa kesho bila uhakika wa nafasi? Wanaoumia ni wale walioweka puto asubuhi ya mwisho huku mchana wana ndege.

Katikati ya Oktoba jua linachomoza kama saa 1 kasoro asubuhi, kwa hiyo gari litawafuata kwenye saa 11 alfajiri. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, baridi ya saa hiyo inauma. Vaeni nguo za tabaka. Kofia nayo ni muhimu, kwa sababu moto wa puto unawaka juu ya utosi.

Sasa magoti. Kapu halina mlango. Unapanda kwa kutia mguu kwenye matundu ya ubavuni, ukingo unakufika kifuani, halafu unajitosa ndani. Wakati wa kutua unakunja magoti, unashika vishikio na kukaa hivyo hadi lisimame, na kukiwa na upepo kapu linaweza kulala ubavu. Iambieni kampuni mapema, msisubiri kufika uwanjani.

Kandili

Kwenye miji ya chini ya ardhi, mtu asiyependa kubanwa akichagua kwa kuangalia kina tu atakosea. Derinkuyu ni ndefu zaidi kwenda chini. Kina kinachotajwa ni kama mita 85, ingawa wageni hawafiki chini kabisa. Kaymaklı ina orofa nne zilizo wazi kwa wageni, haiendi chini sana, lakini vichochoro vyake ni vifupi na vyembamba kuliko vya Derinkuyu. Mtu mrefu atatembea ameinama sehemu kubwa ya njia.

Hata hivyo, ningewapeleka Kaymaklı. Derinkuyu ina ngazi ndefu nyembamba ambayo watu hupita mmojammoja. Kundi la watu 30 likiwa linapanda wakati nyie mnashuka, mnasimama hapo katikati, mbele mgongo wa mtu, nyuma pumzi za mtu. Hofu huwashika wengi hapo, wala si kwa kukosa hewa. Hewa ipo: visima vya hewa vimechimbwa toka juu hadi orofa za chini, na ukisimama karibu nacho utausikia ubaridi usoni. Kaymaklı ukizidiwa, mlango hauko mbali sana.

Fikeni lango linapofunguliwa asubuhi. Makundi ya ziara huanza kumiminika kuanzia saa 4. Orofa ya kwanza ina mazizi, na ni pana. Asiyetaka kuendelea aishie hapo, hajapoteza safari. Chungulieni pia yale mawe ya mlango: duara nene kama jiwe la kusagia, limesimamishwa kwenye mfereji wake ukutani, lina tundu katikati. Lilikuwa likisukumwa kutoka ndani tu. Aliye nje hana pa kushika.

Kwa dolmuş, basi dogo la abiria, mnakwenda kwanza Nevşehir, halafu mnachukua la kuelekea Derinkuyu, ambalo linapita Kaymaklı njiani. Bebeni sweta. Chini ni baridi hata nje kukiwa na jua kali.

Mchongoma

Naongezea mabonde, maana ushauri unaozagaa ni "panda gari hadi juu ya bonde la Kızılçukur kisha shuka kwa miguu hadi kijiji cha Çavuşin, ni rahisi". Kwa mapafu ni rahisi. Kwa magoti ni kinyume: kushuka juu ya chenga ndiko kunakoyaumiza. Hata Bonde la Njiwa, Uçhisar hadi Göreme, kama kilomita 4, lina vipande vyenye mteremko mkali kuliko linavyoonekana toka juu.

Mwenye magoti mpelekeni Paşabağ. Njia imetengenezwa, ni tambarare, na nguzo zenye vichwa viwili vitatu ziko hapohapo. Zelve iko jirani. Watu waliishi kwenye mapango yake hadi 1952, ndipo wakahamishwa kwa sababu miamba ilikuwa inaporomoka. Kamba mtakazoziona zimezuia vyumba vingine hazikuwekwa kwa urembo.

Bonde la Ihlara je? Lango kuu lina ngazi karibu 400, na mtu akishuka lazima apande. Ingieni kwa Belisırma, kijiji cha katikati ya bonde: gari linafika karibu kabisa na mto Melendiz na mnatembea kando ya maji chini ya miti. Ziara nyingi za siku moja humshusha kila mtu lango kuu na kumsubiri Belisırma, basi kubalianeni na dereva kabla hamjaondoka. Selime, monasteri iliyochongwa mwambani mwisho wa bonde, mwachieni mwenye miguu mizima, kule kuna kupanda mwamba unaoteleza.

Makumbusho ya wazi ya Göreme yako kama kilomita 1.5 kutoka mjini, njia ya kupanda. Karanlık Kilise, yaani Kanisa la Giza, ina tiketi yake ya ziada, lipeni. Kidirisha kimoja kidogo kilizuia mwanga karne nyingi na rangi za michoro zimebaki kali. Kanisa jingine, Tokalı Kilise, liko nje ya geti, chini kidogo barabarani, kwa tiketi ileile ya makumbusho. Wengi huitupa tiketi wakitoka, wakaikosa. Ndani ya makanisa picha haziruhusiwi.

Mzururaji

Asanteni sana. Belisırma imeingia kwenye ratiba, na Derinkuyu tumeifuta. Bado chumba.

JiweLaini

Uliza swali moja: kimechongwa kwenye mwamba, au kimejengwa kwa matofali ya jiwe na dari la tao? Vyote viwili huuzwa kwa jina la pango. Cha kuchongwa hubaki na joto lilelile mchana na usiku, lakini mara nyingi kina dirisha moja au hakina, unyevu unakaa, taulo hazikauki, na simu inapoteza mtandao ukienda ndani kabisa. Usiku chenga hudondoka kutoka darini. Sogezeni kitanda au funikeni begi. Cha tao kina dirisha na hewa. Kwa mwenye magoti ningechukua cha tao, chumba cha chini. Ulizeni pia idadi ya ngazi kutoka barabarani, kwa sababu hoteli nyingi zimepandana mlimani na hazina lifti.

Mkisoma mtandaoni kuhusu erionaiti msishtuke. Ni madini ya nyuzinyuzi yaliyoleta saratani ya utando wa mapafu kwenye vijiji kama Karain na Tuzköy, lakini waliougua ni watu walioishi ndani ya vumbi lake miaka na miaka.

Kandili

La mwisho, usafiri. Uwanja wa Nevşehir uko karibu zaidi, wa Kayseri ni kama saa moja kwa gari. Gari la kuwapokea liagizeni kabla, hasa mkitua usiku. Mkija kwa basi la usiku toka Istanbul, hakikisheni tiketi inaishia Göreme. Mengine yanaishia stendi ya Nevşehir, mkishushwa hapo ulizeni servis, basi dogo la kuunganisha, kabla hamjakubali teksi.