Ukoo wa Muheza: Neema kaingia kanisa kuu la Durham

Neema: Shikamooni wakubwa. Leo nimepata nafasi, nimeingia kanisa kuu la Durham, huku Uingereza. Kiingilio hakuna, ila wanaomba sadaka. Natuma picha.

*[picha 6]*

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Koti limekukaa. Hilo kanisa au ngome?

Neema: Kanisa, shangazi 😂 Ngome ipo kweli, ila ni lile jengo la ng'ambo ya uwanja.

Mjomba Yona: Hebu nirushie tena ile ya tatu, karibu zaidi. Hizo nguzo zina unene gani?

Neema: Shikamoo mjomba. Mzunguko mita 6.6, na kwenda juu mita 6.6 vilevile. Zimechorwa kwa patasi, moja mistari ya V tupu, nyingine kama wavu.

Mjomba Yona: Marahaba. Jiwe hadi ndani?

Neema: Hapana. Nje mawe ya kuchonga, ndani wamejaza kifusi na chokaa.

Mjomba Yona: Nilijua. Nani achonge jiwe halafu alifiche.

Baraka: Dada, la mwaka gani hilo?

Neema: Walianza 1093, kufika 1133 ukumbi wote umeshaezekwa kwa mawe.

Baraka: Miaka 40! Sisi harambee ya mabati tu ipo tangu niko darasa la nne

Mama Neema: Baraka.

Baraka: Samahani mama

Neema: Mjomba, angalia picha ya tano. Matao ya pembeni, kati ya nguzo na nguzo, yote ni nusu duara. Huo ndio mtindo wa zamani, Romaneski. Sasa panda na macho hadi darini: mbavu za mawe zinakatizana kama X, na yale matao makubwa yanayovuka ukumbi yana ncha. Ncha ndiyo baadaye ikawa alama ya Gothiki, mtindo uliofuata. Dari hiyo ni ya 1128 hadi 1133, Gothiki yenyewe bado haijazaliwa.

Mjomba Yona: Wala hawakuweka ncha kwa urembo. Tao la nusu duara kimo chake ni nusu ya upana, huna ujanja. Mbavu za mshazari ni ndefu, kwa hiyo zinapanda juu kuliko tao linalovuka moja kwa moja. Ukitaka vyote vikutane kimo kimoja, lile fupi unalivuta juu, linatoa ncha. Na tao la ncha halisukumi sana ukuta kwenda nje. Swali langu: nini kinaegemeza kuta?

Neema: Kuna matao ya kuegemeza, ila yamefichwa chini ya mapaa ya pembeni. Ukiwa ukumbini huyaoni, nimeonyeshwa kwenye mchoro.

Mjomba Yona: Ahaa. Waliokuja baadaye wakayatoa nje hadharani.

Shangazi Rehema: Nyie na hesabu zenu. Mimi nauliza ule mstari mweusi sakafuni.

Neema: Shangazi, hapa walikaa watawa wa Kibenedikto. Mwanamke mwisho wake ulikuwa hapo kwenye mstari, mbele haruhusiwi.

Shangazi Rehema: Na wewe?

Neema: Nimeuvuka, nikarudi, nikauvuka tena.

Shangazi Rehema: 👏🏾👏🏾 Ndiyo damu yangu hiyo

Neema: Sasa mwisho kabisa upande wa mashariki kuna sehemu ya altare tisa, ilianza kujengwa 1242. Hapo ni Gothiki yenyewe. Vinguzo vyembamba, madirisha marefu, mwanga hadi unafumba macho. Sakafu imeshushwa, unateremka ngazi, basi dari inazidi kuwa mbali. Kaburi la Mtakatifu Cuthbert, aliyefariki 687, liko pale juu nyuma ya altare kuu. Vinguzo vingine ni vya jiwe jeusi la Frosterley, limejaa visukuku vya matumbawe.

Baraka: Matumbawe? Kama kuta za Pangani?

Neema: Ndiyo, ila haya ni ya bahari ya kale mno, yamegeuka jiwe gumu na wakalisugua hadi likang'aa.

Mjomba Yona: La kwetu huwezi kulisugua hivyo, lina matundu. Linataka lipu ya chokaa.

Mama Neema: Umesali lakini, au umepiga picha tu?

Neema: Nimesali mama. Nimewasha na mshumaa wa babu.

Mama Neema: Haya. Asante.

Baraka: Mimi nachagua upande wa madirisha. Ule mwingine kama ghala la katani

Mjomba Yona: Kijana, hilo ghala lina miaka karibu 900 na dari yake ya ukumbi ni ileile. Dari ya kwanza ya kule mbele, sehemu wanapokaa kwaya, ndiyo ilipata nyufa wakaijenga upya karne ya 13. Neema, ukirudi nipigie picha mbavu zinapokutana na ukuta. Usiniletee madirisha.

Shangazi Rehema: Mimi niletee madirisha.