Maharage ya pakiti yakae miezi 6 bila friji: mbona nyingine zinavimba?

JikoKiwanda: Wakuu habari. Tunatengeneza maharage yaliyoungwa kwa nyanya, pakiti laini za gramu 300 zenye foili. Mpaka sasa yanauzwa kutoka kwenye friji, kwa hiyo soko linaishia pale magari ya baridi yanapoishia. Tunataka yaende nchi nzima kwa lori la kawaida. Retoti (chungu kikubwa cha mvuke wa presha) tunaiweka nyuzi 121 kwa dakika 30. Baada ya wiki mbili, katika kila pakiti 200, 3 hadi 5 zimevimba, na maharage ndani yamekuwa uji. pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, chakula ni kichachu zaidi) ni 5.4. Tuongeze dakika au tupunguze?

Mvuke121: Kwanza zuia mzigo wote wa tarehe hizo, hata pakiti ambazo hazijavimba. pH ikizidi 4.6, chakula kikiwa na maji mengi na kimefungwa bila hewa, bakteria Clostridium botulinum anaweza kuota na kutoa sumu, na si lazima pakiti ivimbe. Asionje mtu, hata kwa ncha ya ulimi.

Halafu hizo dakika 30 ni za retoti, si za chakula. Kinachohesabiwa ni joto la katikati ya pakiti. Dakika moja kwa nyuzi 121.1 ni moja kamili. Kwa nyuzi 111.1 ni sehemu ya kumi tu. Jumla ya dakika hizo ndiyo F0, kipimo cha nguvu ya joto ya kuua vijidudu. Dhidi ya botulinum isipungue 3, na viwanda vingi hulenga 6 au zaidi kwa sababu kuna spora (mbegu ngumu za bakteria) sugu kuliko za botulinum. Chomeka waya wa kipimajoto kwenye punje iliyo katikati ya pakiti, trei ya juu, ya kati na ya chini. Pakiti inayochelewa kupata moto ndiyo inayoamua muda wa zote.

Mshono: Kabla hujagusa dakika, nikuulize: zilizovimba zinatoka trei moja au zimetawanyika? Joto pungufu huelekea kuharibu eneo zima. Mbili tatu huku na kule, shuku mshono, yaani pale pakiti inapofungwa kwa moto. Ganda la maharage au mafuta yakibanwa pale huacha njia nyembamba kama unywele. Na mnapoozaje?

JikoKiwanda: Zimetawanyika. Tunafunga mvuke, tunasubiri geji isome sifuri, ndipo tunafungua maji.

Mshono: Basi ni hapo hapo. Nje presha imeisha, ndani mchuzi bado unachemka. Pakiti inatuna kama puto na mshono wa moto unavutika. Ikipoa inafyonza tone la maji, na bakteria humo humo. Ingiza hewa ya kompresa kabla ya kufunga mvuke, na uishikilie mpaka katikati ya pakiti ishuke vizuri chini ya nyuzi 100. Maji ya kupooza yawe na klorini inayopimika hata yanapotoka. Pakiti iliyolowa isishikwe mpaka ikauke.

Rafu3: Je, wakiongeza siki pH ishuke chini ya 4.6, si wataachana na retoti?

Mvuke121: Inawezekana, ila pH hiyo ipimwe ndani ya punje, si kwenye mchuzi tu, na ladha inakuwa ya achari. Sidhani kama ndiyo bidhaa anayoitaka.

Kuhusu uji: mnayapika mara mbili. Loweka, chemsha nusu, retoti imalizie. Magadi acheni kabisa. Kalsiamu kloridi kidogo kwenye maji ya kulowekea ndiyo hukaza ganda. Pakiti ilazwe bapa: unene ukitoka sentimita 3 hadi 2, chakula kizito hupata joto katikati kwa takribani nusu ya muda, kwa hiyo F0 ileile inafikiwa kabla punje hazijavurugika.

Mtego mmoja: punje iliyoiva nusu huendelea kunywa mchuzi ndani ya retoti, mchuzi unakuwa mzito na joto linachelewa. Mkibadilisha muda wa kuloweka au unene, rudini kwenye kipimajoto. Na sampuli za kila mpiko zikae nyuzi 35 hadi 37 kwa siku 14 kabla lori halijapakiwa.