Karatasi ipi inafaa kuchorea kwa penseli katika hewa yetu ya pwani?

Mchoraji wa Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wengine habari za kazi. Nimeanza kujifunza kuchora kwa penseli mwaka huu, na kila Jumapili alasiri hukaa mbele ya nyumba kongwe za mawe hapa Mikindani nikichora milango na kuta zake. Natumia karatasi za kurudufia, penseli moja ya HB na raba ya shule. Kinachonishinda ni giza. Mlango ukiwa wazi, ndani huonekana weusi mzito, lakini nikiukoleza weusi huo karatasi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na nikikazana zaidi inachanika; nikifuta, pale nilipofuta panaota manyoya yasiyopokea penseli tena. Fedha niliyonayo inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Je, nianze na seti ya penseli nzuri au nianze na karatasi?

Bi. Mkubwa, Lindi

Marahaba, mdogo wangu. Anza na karatasi, wala usisite.

Karatasi ya kurudufia huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hulainishwa makusudi ili ipite kwenye mashine bila kukwama. Uso wa karatasi ya kuchorea, kinyume chake, una mikwaruzo midogo mithili ya msasa laini, ambayo hukwangua penseli na kuuhifadhi unga wake katika vishimo vyake. Vishimo vikishajaa, unga unaoongezwa hukosa pa kukaa, hulala bapa na kurudisha mwanga, na ndiyo maana unaona mng'ao badala ya weusi hata ukandamize vipi. Tafuta daftari la kuchorea lenye karatasi za gramu 150 hadi 200. Ukiwa dukani, omba ulifungue, sogea mlangoni na uinamishe karatasi kwenye mwanga wa jua: ikiwa uso wake una chembechembe, inafaa, ikiwa unateleza kama kioo, irudishe.

Daftari likikosekana, manila nyeupe ya steshenari inafaa sana kwa mazoezi. Ipapase pande zote mbili kabla ya kuchora, kwa sababu mara nyingi upande mmoja ni mkavu zaidi, yaani hautelezi, na huo ndio wako. Karatasi moja ya ukubwa wa A1 hutoa A4 nane.

Kinywe, Ruangwa

Dada amesema kweli kuhusu karatasi, ila HB peke yake haitakufikisha kwenye giza la ndani ya mlango. Kiini cha penseli ni kinywe, madini yaleyale yaliyomo katika ardhi ya huku kwetu Ruangwa, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni, kwa njia aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu, nayo huandikwa H. Kinywe kikizidi huwa laini na nyeusi, nayo huandikwa B. Seti ya penseli kumi na mbili si lazima. Ongeza 2B na 6B tu; namba ya B ikiwa kubwa, penseli ni laini na nyeusi zaidi.

Utaratibu nao una uzito wake. Usitangulie kukandamiza HB kisha ukataka 6B ije juu yake, kwa maana HB iliyokandamizwa huwa imekwisha kuusawazisha uso wa karatasi. Jenga kivuli kwa matabaka mepesi ya 2B, mkono ukiwa umelegea, kisha umalizie kwa 6B. Penseli hiyo ichonge kwa wembe, kwani kichongeo butu hukivunja kiini chake laini.

Mzee wa Shangani, Mtwara

Vijana wangu, mmesahau unyevu. Michoro yangu ya miaka mitatu niliifunga katika mfuko wa nailoni nikaiweka nyuma ya sanduku, ukutani upande unaopigwa na mvua. Nilipoifungua baada ya masika niliikuta ina madoa ya kahawia na ukungu, na ile niliyoitenganisha kwa magazeti ilikuwa imegeuka manjano, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi nayo huiambukiza karatasi iliyolala juu yake. Ilinichoma moyo.

Ilaze michoro bapa ndani ya jalada gumu, mbali na ukuta wa nje, na katikati uweke karatasi nyeupe safi. Unapochora, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, kwani jasho la kaskazi likigusa karatasi huacha alama ya mafuta ambayo penseli haiifuniki. Na kazi unayotaka wajukuu waione, usiichore kwenye manila. Subiri karatasi iliyoandikwa kuwa haina asidi.

Mchoraji wa Mikindani

Nawashukuru nyote. Leo nimechora mlango uleule kwenye upande mkavu wa manila, kwa 2B niliyoazima kwa fundi seremala jirani. Giza limekaa bila kung'aa, na komeo la mlango limeonekana ndani yake. Mzee, nimekwisha kuiondoa michoro yangu ya zamani kwenye nailoni. Miwili ilikuwa imeanza madoa pembeni.