D tano na C moja: nani aliwaruhusu madalali wa vyuo kupanga meza shuleni, hapa Bagamoyo?

Ndugu wanajukwaa, salaam aleikum na poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu ili anayetaka kunipinga anipinge kwa hoja, na asije mtu akaniambia kwamba nalalamika kwa sababu mtoto wetu alifeli. Mpwa wangu hakufeli. Katika mtihani wa kidato cha nne alipata divisheni foo, yaani daraja la mwisho la ufaulu, ya pointi 28, na kwa wasioijua hesabu hiyo, huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikihesabiwa pointi moja na F pointi tano, kisha hujumlishwa. Kiswahili alipata C; Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Baiolojia alipata D; Kemia na Hisabati alipata F. Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu. Kidato cha tano hawezi kwenda, maana huko zinatakiwa C zisizopungua tatu, na hilo tulilikubali siku ileile bila kelele. Kilichobaki kilikuwa kumtafutia chuo chenye ada ambayo mama yake angeimudu.

Mama yake ni dada yangu, anakaanga samaki na pweza pale soko la samaki, na hiyo ndiyo ajira yake tangu mtoto huyo akiwa mgongoni. Aliitwa shuleni kufuata karatasi za mwanawe, akakuta chini ya mwarobaini imepangwa meza yenye kitambaa cha buluu, na nyuma yake kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya chuo fulani. Mwalimu mmoja akamtambulisha kwa wazazi kuwa ni "mdau wetu wa elimu". Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi: kabla dada yangu hajataja jina la mwanawe, yule kijana alikuwa tayari na orodha ya wahitimu wote wa shule hiyo, pamoja na alama zao na namba za simu za wazazi, na waliopata divisheni foo walikuwa wamepigiwa mstari kwa kalamu ya rangi ya waridi. Orodha hiyo hakuiokota barabarani. Kuna mtu alimpa, na sitaki kuamini kwamba alimpa kwa ajili ya thawabu.

"Mama, huyu ana Baiolojia, huyu ni muuguzi kabisa," ndivyo alivyoambiwa. Kuhusu Kemia akaambiwa asiwe na wasiwasi, binti atairudia kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akiendelea na masomo chuoni. Fomu ilikuwa shilingi 30,000, ikalipwa palepale kwenye namba ya simu ya yule kijana, si kwenye akaunti ya chuo. Ada ya mwaka ilikuwa 1,600,000, na awamu ya kwanza ikawa 700,000, ambazo dada yangu alizikopa kwenye kikoba chake na bado anazirejesha kila Ijumaa. Juu ya hizo ikaja bima ya afya 50,400, sare mbili nyeupe, kipimo cha presha, rimu mbili za karatasi, ndoo, na fagio la chelewa. (Chuo kinachotoza milioni na ushehe kinamwagiza mtoto wa maskini aje na fagio. Haya.)

Nami sijitoi katika kosa. Nilikuwa kazini Korogwe, dada akanipigia simu kuniuliza, nikamjibu kwa fahari kwamba afya haikosi ajira na amwandikishe upesi kabla nafasi hazijajaa. Sikuuliza sifa za kujiunga, sikuuliza namba ya usajili, sikuuliza kitu chochote. Nilipendezwa na neno "muuguzi" kama alivyopendezwa yeye.

Wiki ya kumi na moja binti akaitwa ofisini, akaambiwa kwamba jina lake haliwezi kuingia kwenye mfumo wa udahili. Sababu waliyompa ni ileile iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi yake ya matokeo siku ya mwarobaini: kozi ya uuguzi kwa anayetoka kidato cha nne inadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia miongoni mwa masomo yake manne, na yeye Kemia ana F na Fizikia hakuifanya kabisa. Kwa hiyo walijua. Mtu mwenye orodha iliyopigiwa mistari anajua. Wakamwambia ahamie maendeleo ya jamii katika chuo hichohicho, na ada aliyolipa itahamishwa naye.

Hapo ndipo nilipopanda basi kwenda mwenyewe. Nilipowauliza kama kozi hiyo ina ithibati, wakanionyesha cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu. Wazazi wenzangu, naomba jambo hili tulishike: chuo kinaweza kuwa na usajili halali kabisa, lakini kozi fulani ndani yake ikawa haina ithibati, na anayesoma kozi ya namna hiyo hutumia miaka yake kupata karatasi ambayo hakuna chuo kingine wala mwajiri makini atakayeipokea. Nilirudia swali mara tatu, na mara tatu nikaonyeshwa fremu. Nilipodai fedha, nikaonyeshwa mstari ulioandikwa kwa maandishi ya sisimizi nyuma ya fomu, kwamba ada ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile, na chini yake sahihi ya dada yangu, aliyoiweka kwa kalamu ya kuazima akiwa na ndoo ya samaki pembeni.

Tukamrudisha binti nyumbani. Sare moja haijavaliwa hata siku moja. Inaning'inia msumarini nyuma ya mlango.

Lakini hasira yangu kubwa si ya fedha. Niliporudi nilikaa siku nzima na kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, ambacho mtu yeyote anakipakua bure, na ambacho mbele ya kila kozi kimeandika sifa za kuingilia, muda wa masomo na ada. Sifa ya jumla ya kuanza ngazi ya NTA 4, yaani astashahada ya awali, ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Mpwa wangu anayo sita. Kisha nikatazama mahali vyuo vilipo, nikaona aibu. Chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kiko hapahapa Bagamoyo. Chuo cha sanaa, ambacho leo kinaitwa TaSUBa na ambacho kipo tangu mwaka 1981, kiko hapahapa, tunapita getini kwake tukienda ufukweni. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, chini ya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, ni nauli ya bodaboda. Hivi ni vyuo vya serikali, malipo yake hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na si kwa namba ya simu ya kijana wa fulana, na mtoto anaweza kutoka kwao asubuhi akarudi jioni akala ubwabwa wa mama yake bila kulipia hosteli. Kama anataka ufundi wa mikono, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iko Kibaha, na ada ya kozi ndefu za VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Linganisheni na 1,600,000.

Nilipomtajia dada Mbegani, alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Kaka, nimemlea kwa samaki miaka kumi na saba, halafu akasomee samaki?" Nilicheka, lakini nilimwelewa, na hapo pana sehemu yetu wazazi, kwa sababu uvuvi, ngoma na maktaba tunaviona ni vya waliokosa pa kwenda, na madalali wanaijua kiu yetu ya koti jeupe kuliko tunavyoijua wenyewe. Hata hivyo siwezi kuligawa kosa hili nusu kwa nusu. Mama anayekaanga samaki hawajibiki kuujua mwongozo wa udahili. Mwalimu anayelipwa mshahara kumwongoza mwanafunzi anawajibika, na katika miaka minne ya mtoto huyu hakuna hata siku moja ambayo darasa lao lilipelekwa kutembelea chuo chochote kati ya hivyo nilivyovitaja, vilivyo kwenye mji uleule.

Msiniambie pia kuhusu mikopo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, na ni jambo jema, lakini anayeanzia astashahada kama mpwa wangu bado hayumo. Huyo ndiye hasa mtoto wa divisheni foo, na kwake yeye ada yote inatoka kwenye kikaango.

Sisemi kila chuo binafsi ni cha matapeli, wapo wanaofundisha kwa uaminifu na ninawafahamu. Ninachokidai ni kwamba shule ile ieleze kwa maandishi ni nani aliyetoa orodha ya matokeo na namba zetu za simu, na kwa malipo gani; na kwamba chuo kile kirudishe shilingi 700,000, kwa kuwa kilipokea ada ya kozi ambayo kilijua tangu mwanzo kuwa mwanafunzi hana sifa nayo. Barua mbili nimeshazipeleka kwa mkono, na nakala zenye mhuri wa mapokezi ninazo. Wiki ya tano hii, hakuna jibu.

Binti mwenyewe anasubiri dirisha la udahili lifunguliwe aombe chuo cha ukutubi, chaguo ambalo ni lake, baada ya kupita pale getini na kuuliza mwenyewe. Mwaka mmoja umeshapotea. Kwa sasa anamsaidia mama yake kuparua samaki.

Yeyote humu aliyewahi kurudishiwa ada na chuo kwa sababu kama hii naomba aeleze alianzia ofisi gani na barua yake aliiandikaje. Na mzazi mwenye mtoto anayesubiri matokeo, Jumamosi iliyopita nilipita karibu na shule nyingine, si ile, nikaiona meza na kitambaa kilekile cha buluu. Fulana ilikuwa ya chuo kingine. Kijana alikuwa yuleyule.