Tupeane uzoefu: kisa chako na intarapti za maikrokontrola

Fundi_Bububu:
Asalaam alaykum jamani. Vijana wengi Unguja na Pemba sikuhizi wanacheza na Arduino na ESP32, zile bodi ndogo za maikrokontrola (kompyuta ya chipu moja), lakini wakifika kwenye intarapti, yaani ishara ya kuikatiza prosesa iache kazi yake ishughulikie jambo jengine kwanza, wanaikimbia, na mie naona hapo ndo penye utamu wenyewe. Mwenye kisa akilete, kile ulichokiona kwa macho yako.

Naanza mie. Tangi la maji la msikiti huku kwetu lilifungwa sensa ya mtiririko, YF-S201, inatoa kama pulsi 450 (mipigo ya umeme) kwa lita moja. Programu tuliyoikuta ilikuwa inaichungulia pini ndani ya loop, ile sehemu ya programu inayojirudia muda wote, na loop hiyohiyo ndo inaandika kwenye skrini na kutuma meseji, sasa ikishughulika na meseji pulsi zinapita zake hakuna anaezihesabu. Tukahamisha waya kwenye pini ya 2 ya Uno, bodi yetu ya Arduino, ikawa intarapti: pulsi ikija prosesa inaacha kazi iliyonayo, inahifadhi kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda) anwani ya kurudia, inaruka kwenye fanksheni, kipande cha programu cha kazi hiyo, inaongeza moja, inarudi palepale ilipoachia. Hesabu ikatulia.

Wa_Mkoani:
Waalaykum salaam. Kuongeza moja sawa, lakini muangalieni na anaeisoma hiyo hesabu. Sie huku Pemba tulikuwa na feni ya kikaushio cha karafuu tunahesabu mizunguko yake, mara iko 255, mara inaonesha 511, halafu inarudi 257. Sensa ikalaumiwa, ikabadilishwa, wapi! Kumbe chipu ya Uno ni ya biti 8, namba ya biti 16 inaisoma vipande viwili: imeshachukua kipande cha chini, 255, intarapti ikaingia hapohapo katikati ikaigeuza namba kuwa 256, prosesa ikirudi inachukua kipande cha juu ambacho sasa ni 1, ukiviunga unapata 511. Dawa yake noInterrupts() kuzizuia intarapti, nakili namba, interrupts() kuzifungua tena, basi. Na volatile, neno la kuiambia kompaila namba isomwe upya kila mara, iwekeni, ila peke yake haitibu hili, wengi wanadhani inatibu.

Ukhti_Mbweni:
Changu si cha pini, ni cha kosa lililotoka ndani ya programu yenyewe. Chipu ni STM32F103, prosesa yake ni Cortex-M3, bodi inakwenda vizuri halafu inaganda, debaga, chombo cha kuchungulia programu, inaonesha iko kwenye HardFault, pale prosesa inapokwenda ikipata kosa kubwa, inazunguka tu. Wenzangu wakataka kufutafuta kodi mstari mmoja mmoja. Nkawaambia ngojeni kwanza, Cortex-M ikipata eksepsheni (intarapti au kosa kama hili) haiondoki hivihivi, hadiwea yenyewe inasukuma rejista 8, vijisanduku vya namba vya prosesa, kwenye staki: R0 mpaka R3, R12, LR (anwani ya kurudi kwa aliyeita), PC (anwani ya amri iliyofikiwa) na xPSR. Tukafungua kumbukumbu pale staki ilipo, tukazihesabu moja moja. PC ni 0! Maana yake programu imeita fanksheni kupitia pointa tupu, anwani isiyoelekea popote. LR ndo ikatupeleka mpaka kwenye mstari ulioita, na hapo kazi ikawa imekwisha.

Kijana_Wete:
Dada ahsante sana, hii naihifadhi. Suali, kwani HardFault inaikatiza hata intarapti nyengine ikiwa kazini?

Ukhti_Mbweni:
Ndio ndugu yangu. Kwenye Cortex-M kila moja ina namba ya kipaumbele, na namba ndogo ndo mkubwa. Intarapti zako unazipa 0 kwenda juu, HardFault iko -1, NMI (intarapti isiyozuilika) -2, Reset (kuanza upya) -3, na hizo tatu huzibadilishi. Kwa hivyo ukiipa taima namba 5 na UART, mlango wa mawasiliano, namba 2, usishangae UART ikaikatiza taima katikati ya kazi yake, watu wengi wanazipanga kinyume halafu wanatafuta mchawi.

Fundi_Bububu:
Mashallah. Na kwa wa Uno, kule ni tofauti, ikishaingia intarapti moja nyengine zote zinazuiwa mpaka itoke, labda uzifungue mwenyewe. Ndo maana usiweke delay(), amri ya kusubiri, mule ndani: yenyewe inategemea saa ya taima, na taima nayo inasubiri wewe utoke, hapo haifanyi kazi sawasawa. Weka alama tu, toka, kazi nzito ifanyike kwenye loop.

Wa ESP32 bado hatujawasikia, hasa waliokutana na mambo ya IRAM_ATTR, ile alama ya kuiweka fanksheni kwenye RAM ya ndani ya chipu, njooni.